Ushindi wa Mapema katika Mchezo wa Poka

Tarehe 17 Septemba 2007, mjini London, msichana wa Kinorwe aitwaye Annette Obrestad, ambaye kesho yake ndipo angetimiza umri wa miaka 19, aliwashinda watu 361 waliolipa kila mmoja paundi 10,000 ili waketi mezani kucheza poka, akatwaa paundi milioni moja na kuwa mdogo kwa umri kuliko wote waliopata kuvaa bangili ya mashindano ya dunia ya mchezo huo. Katika Las Vegas, mji ambao ndio makao ya mashindano hayo tangu yalipoasisiwa mwaka 1970, binti huyo asingaliruhusiwa hata kuikaribia meza, kwa kuwa sheria ya huko humzuia kila aliye chini ya miaka 21. Alijifunza nyumbani kwao, mbele ya kompyuta, tangu alipokuwa na miaka 15, akianza na mashindano ya bure yasiyodai kiingilio. Na kwa maelezo yake mwenyewe hakupata kutia katika mchezo hata senti moja iliyotoka mfukoni mwake. Yasimuliwa pia kwamba aliwahi kulishinda shindano la watu 180 akiwa ameziziba karata zake zisionekane, akazitazama mara moja tu, ili athibitishe kuwa mchezo huu hutegemea kumsoma mwenzio na kuijua nafasi uliyokalia mezani kuliko uzuri wa karata ulizogawiwa.

Habari za namna hii husafiri mbali, na masikio yanayozipokea kwa pupa ni ya vijana, ambao wameona kazi za mshahara zikiwa adimu na elimu ikichelewa kulipa. Siandiki makala haya ili nimlaani kijana anayeupenda mchezo huo, wala ili nimsifu. Naandika kwa sababu naamini, na nitajitahidi kuonyesha kwa hesabu na kwa maisha ya watu, kwamba ushindi upatikanao mapema, ambao kila mgeni wa mchezo huutamani, aghalabu humdhuru kuliko hasara ambayo huiogopa.

Poka, kwa namna ichezwayo zaidi siku hizi, iitwayo Texas Hold'em, humpa kila mchezaji karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa matumizi ya wote, kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho, na kila hatua ina zamu yake ya kuweka dau, kulifuata, kulipandisha, au kutupa karata na kujitoa. Anayebaki hadi mwisho akiwa na mkono bora wa karata tano huchukua fedha zilizorundikana. Lakini huzichukua vilevile yule ambaye wenzake wote wamejitoa kwa kumwogopa, hata kama mkononi alishika magarasa matupu. Hapo ndipo poka inapotengana na mkeka wa mpira ambao vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanauweka kila mwisho wa juma: mwenye mkeka hushindana na kampuni iliyopanga viwango vya malipo kwa faida yake yenyewe, ilhali mcheza poka hushindana na watu walioketi naye, na mwenye nyumba hachukui zaidi ya ada yake katika kila rundo au katika kila kiingilio. Kwa hiyo katika poka yuko mtu awezaye kupata faida ya kudumu kwa ustadi wake, jambo ambalo katika mashine za kasino haliwezekani kabisa. Lakini ada ile ile humaanisha kwamba wachezaji wote wakijumlishwa pamoja lazima watoke na hasara, na faida ya mmoja ni fedha zilizotoka katika mifuko ya wenziwe kadhaa.

Kwa Mwislamu suala hili lina jawabu lake katika dini, iliyoiharimisha kamari yote bila kuuliza kama ni ya ustadi au ya bahati, na mwenye kuishika dini yake hana haja ya hesabu zangu. Nawaandikia hesabu hizi wale waliokwisha kuingia, au wanaosimama mlangoni, pamoja na wazazi wao, ambao mara nyingi huambiwa na mtoto kwamba huu ni mchezo wa akili kama sataranji, wakakosa la kumjibu.

Tuchukue mfano ulio mwepesi kuliko yote. Mtu amegawiwa ree mbili, ambazo ndizo karata bora za kuanzia na hupatikana mara moja katika migao 221. Mpinzani wake ameshika wafalme wawili. Na wote wawili wametia mezani fedha zao zote kabla karata za katikati hazijafunuliwa. Mwenye ree amefanya lililo sahihi kupita yote awezayo kufanya mcheza poka, na pamoja na hayo atashindwa kiasi cha mara moja katika kila mara tano. Katika sataranji bingwa akicheza sawasawa hawezi kupoteza mchezo kwa mwanafunzi. Katika poka hupoteza kila usiku, na mwanafunzi huyo huenda nyumbani akiwa na fedha na yakini kwamba amekuwa stadi.

Hesabu hiyo ikipanuliwa hutisha zaidi. Mchezaji hodari wa meza za intaneti huridhika sana akipata wastani wa madau matano kwa kila migao 100, na dau hapa ni lile kubwa kati ya madau mawili ya lazima yanayofungua kila mgao. Lakini katika migao hiyo hiyo 100 kupanda na kushuka kwa kawaida kwa mfuko wake ni kiasi cha madau 80, hata 100. Katika migao 10,000, basi, anatarajia faida ya madau 500, na mawimbi ya bahati yanaweza kumsukuma juu au chini kwa madau 800 au 1,000. Maana yake ni kwamba miongoni mwa wachezaji hodari wanne waliocheza migao 10,000 bila kosa, mmoja atakuwa na hasara. Meza ya kasino hugawa kama migao 30 kwa saa. Migao 10,000 ni zaidi ya saa 330, yaani miezi miwili ya kazi ya saa nane kila siku na siku tano kila juma, na mwisho wake mtu aliyefanya kazi yake barabara atahesabu alichopoteza.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu upande wa pili wa hesabu ndio ninaouhofia zaidi, na husemwa kwa nadra. Ikiwa hodari mmoja kati ya wanne huishia na hasara, basi na mchezaji mbovu, yule ambaye hupoteza wastani wa madau matano kwa kila migao 100, ana nafasi sawa na hiyo ya kuishia na faida baada ya miezi yake miwili. Kijana huyo hana sababu ya kujishuku: fedha anazo, marafiki wanamwita bingwa, na makosa yake yote yamelipwa kana kwamba yalikuwa hekima. Ni kama nahodha aliyevuka bahari mara ya kwanza katika shwari, akaona kuwa walioiogopa bahari ni waoga. Hasara ya mapema humlazimisha mtu aketi, asome, aulize, apunguze dau au aache kabisa akiwa bado na akiba. Faida ya mapema humwambia aache chuo, apandishe dau na acheze na watu wanaomzidi.

Hakuna aliyeonja utamu na uchungu wa jambo hili kwa ukamilifu kama Stu Ungar, mtoto wa New York aliyezaliwa mwaka 1953, ambaye baba yake aliendesha baa na, nyuma yake, shughuli za kamari. Kipaji chake kwanza kilionekana katika mchezo wa karata wa gin rummy, na katika mchezo huo alikuwa hodari kiasi kwamba watu walikataa kucheza naye, na mtu asiyepata mpinzani hana chumo. Basi akaigeukia poka kwa kulazimika zaidi kuliko kwa kupenda. Mwaka 1980 aliingia katika mashindano makuu ya dunia huko Las Vegas, akamshinda Doyle Brunson, mzee wa mchezo huo ambaye vitabu vyake vilisomwa na wachezaji wote, akawa bingwa mdogo kuliko wote waliotangulia; na mwaka uliofuata akashinda tena. Kumbukumbu yake ya karata na wepesi wake wa kuzitambua nyoyo za watu vilikuwa vitu ambavyo walioketi naye walivisimulia kwa mshangao hadi uzeeni mwao.

Lakini fedha kwake hazikupata kuwa kitu cha kutunzwa. Alizochuma kwenye meza alizipeleka kwenye mbio za farasi na mechi za michezo, ambako kipaji chake hakikuwa na kazi, na zilizosalia akazitia katika madawa ya kulevya. Mwaka 1990, katikati ya mashindano makuu, alikutwa hana fahamu chumbani mwake hotelini. Fedha zake za mezani zilikuwa nyingi kiasi kwamba, ingawa kiti chake kilikuwa kitupu na madau ya lazima yakikatwa zamu kwa zamu, bado alihesabiwa wa tisa. Mwaka 1997, akiwa amechakaa mwili na hana kitu, alilipiwa kiingilio cha dola 10,000 na rafiki yake Billy Baxter, akashinda kwa mara ya tatu, wakagawana dola milioni moja. Mwaka uliofuata Baxter alimlipia tena ili aje autetee ubingwa wake, naye hakuweza kushuka kutoka chumbani. Tarehe 22 Novemba 1998 alikutwa amekufa katika nyumba ya wageni ya bei ndogo mjini Las Vegas, akiwa na miaka 45, na wacheza karata walichanga fedha za kumzika.

Wako wanaoisoma sira hii kama habari ya madawa peke yake, na hawajakosa yote. Mimi naona ndani yake jambo jingine lililotangulia madawa: kijana aliyeshinda kila kitu kabla ya kufundishwa lolote na kushindwa, ambaye hakupata hata siku moja kulazimika kuuliza fedha hutoka wapi na huenda wapi, kwa kuwa kila zilipokwisha zilirudi.

Kizazi kilichofuata kiliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee mwenye miaka 27, jina lake Chris Moneymaker, alishinda nafasi ya kuingia katika mashindano makuu kwa kucheza shindano dogo la intaneti lenye kiingilio cha dola 86, akafika Las Vegas na kuwashinda wote 838 wengine, akapata dola milioni mbili na nusu. Televisheni ilionyesha karata za siri za kila mchezaji, hivi kwamba mtazamaji aliyeketi nyumbani alijiona mwerevu kuliko wote. Na mwaka 2006 waliolipa kiingilio walifika 8,773. Vijana wengi wa vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya walipata, katika miaka ile, fedha ambazo baba zao hawakuzipata, maana kila usiku meza za intaneti zilijaa wageni wasiojua kutupa karata mbaya. Sina budi kusema kweli kwamba wako waliofaidika: waliolipa karo zao, waliosafiri, waliojifunza kuhesabu hatari na kuamua bila hofu, na baadaye wakayachukua mafunzo hayo katika biashara. Brian Hastings alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell alipomnyang'anya mpinzani mmoja zaidi ya dola milioni nne kwa saa chache, tarehe 8 Desemba 2009.

Mpinzani huyo alikuwa naye kijana, mdogo hata kuliko Hastings. Alikuwa Mswidi wa miaka 19 aitwaye Viktor Blom, ambaye wakati huo ulimwengu ulimjua kwa jina la Isildur1 tu. Katika majuma machache ya vuli ya mwaka huo alikuwa amepanda kutoka kwa watu wasiojulikana hadi kuwapa changamoto mabingwa wote wa meza kubwa za intaneti, mmoja mmoja, mara nyingine katika meza kadhaa kwa wakati mmoja, akachuma mamilioni. Na alipoanza kupoteza hakupunguza dau wala hakupumzika. Wachezaji wenyewe hulijua vizuri gonjwa hili, la mtu kupandwa na hamaki baada ya hasara akataka kuirudisha yote usiku ule ule, na si gonjwa la wajinga: huwapata werevu zaidi, kwa kuwa wao wana sababu ya kuamini kwamba wanastahili kushinda. Blom aliendelea kucheza miaka mingi baadaye na kushinda mashindano makubwa, kwa hiyo siwezi kumtaja kama aliyeangamia. Lakini ni wangapi wenye umri wake waliomwiga na ambao hakuna aliyewataja?

Kisha yako mambo ambayo mchezaji hana mkono ndani yake. Ijumaa ya tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilifungua mashitaka dhidi ya wenye makampuni matatu makubwa ya poka ya intaneti, na vijana ambao asubuhi yake walijihesabu kuwa na ajira walilala bila meza ya kuchezea. Ubaya zaidi ulidhihiri baadaye, ilipobainika kwamba kampuni ya Full Tilt ilikuwa inadaiwa na wateja wake duniani kote kiasi cha dola milioni 390, ilhali benki ilikuwa na kama milioni 60 tu. Na wachezaji wa Marekani walingoja hadi mwaka 2014 kuanza kulipwa zilizokuwa akiba zao. Baadhi yao walihamia Kanada na Mexico ili waendelee kucheza. Wengine walirudi kutafuta kazi, wakaulizwa walikuwa wakifanya nini kwa miaka mitano, wasiwe na cheti wala mwajiri wa kuwatajia.

Kijana wa Denmark, Peter Eastgate, alishinda mashindano makuu ya mwaka 2008 akiwa na miaka 22, akapata zaidi ya dola milioni tisa. Haikupita miaka miwili akatangaza kuwa anaacha, kwa sababu lengo lake lilikuwa kujitosheleza kwa mali, na sasa mali ilikuwepo na hamu haikuwepo. Bangili yake akaiuza mnadani kwa dola 147,500 na fedha zikapewa shirika la UNICEF. Alirudi mezani baadaye. Namheshimu kwa kukiri hadharani jambo ambalo wengi hulificha, kwamba kufika kileleni katika umri ambao wenzako ndio kwanza wanaanza kupanda kunaweza kumwacha mtu bila shughuli ya kuishi kwayo.

Mwaka uliofuata ushindi wa Eastgate, rekodi yake ya kuwa bingwa mdogo kuliko wote wa mashindano hayo makuu ilivunjwa na Joe Cada wa Michigan, aliyekuwa amebakiza siku chache tu kutimiza miaka 22. Habari yake ndiyo ningependa kila kijana aisome kwa makini, maana inakusanya yote niliyoyaeleza. Katika meza ya mwisho alifika mahali ambapo alibakiwa na kiasi cha sehemu moja katika mia ya fedha zote zilizokuwa zikichezewa, akapona. Mara moja alitia kila kitu kwa jozi ya tatu dhidi ya jozi ya jeki, na mara nyingine kwa jozi ya mbili dhidi ya jozi ya bibi, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa na ile nafasi moja katika tano, na mara zote mbili karata yake ikafunuliwa. Zingefunuliwa nyingine, jina lake lisingejulikana nje ya mji wake, na ustadi wake ungekuwa ule ule. Tena, katika hizo dola 8,546,435 zilizotangazwa, nusu haikuwa yake: alikuwa amelipiwa viingilio na wafadhili wawili kwa mapatano ya kugawana, kama wafanyavyo vijana wengi ambao mtaji wao hauwezi kustahimili misimu mibaya.

Orodha za ushindi zinazochapishwa, zile ambazo vijana huzihifadhi moyoni kama majina ya wachezaji wa mpira, huandika zawadi peke yake. Haziandiki viingilio vilivyolipwa katika mashindano yaliyoshindwa, ambayo hata kwa bingwa ni mengi kuliko aliyoshinda, wala nauli, wala hoteli, wala kodi, wala fungu la mfadhili. Na washindani nao hawabaki walivyokuwa. Mwezi Januari 2017, mjini Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyoundwa katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza migao 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, ikawashinda kwa mbali. Na programu za namna hiyo sasa zinauzwa kwa yeyote anayetaka kujifunza, hivi kwamba wageni wasiojua kitu, waliokuwa riziki ya vijana wa mwaka 2004, wamepungua mezani, na waliobaki wamesoma.

Kwa hiyo kijana aniulizaye kama ana kipaji cha kuishi kwa poka, namwomba kwanza anionyeshe daftari lake: kila kiingilio, kila ada, kila saa aliyoketi, kila usiku aliopoteza na sababu zake, pamoja na mtaji aliotenga mbali na fedha za chakula na kodi ya nyumba. Wengi hawana daftari. Wana kumbukumbu ya siku moja kubwa. Mwenye nalo bado atahitaji migao kama 100,000 kabla bahati haijapungua kiasi cha kuacha ustadi uonekane, na katika meza ya kasino hizo ni saa 3,300 na zaidi, yaani karibu miaka miwili ya kazi kamili, ambayo lazima aweze kuimaliza bila kuingojea faida imlishe.